Uvimbe wa Maji Katika Mapafu ya Mtoto, na Namna Picha ya Kifua Inavyoutambulisha

(Maneno ya mazungumzo juu ya afya, yaliyotayarishwa kwa ajili ya wakazi wa Bondeni, Nakuru)



Mtoto akikohoa katika mtaa wa Bondeni, au mahali po pote katika Bonde la Ufa, watu wazima hawakosi jina la kuupa ugonjwa wake. Mmoja husema ni baridi ya alfajiri iteremkayo kutoka Menengai. Wa pili husema ni vumbi la barabarani. Wa tatu hulaumu moshi wa jiko. Na kikohozi kikipita wiki tatu, sauti hushuka na majirani huanza kunong'ona juu ya kifua kikuu. Mara nyingi mmoja wao huwa amesema kweli au amekaribia kweli. Watoto wengi wenye kikohozi kirefu wana homa ya mapafu, au pumu, au kifua kikuu, nayo ndiyo magonjwa ambayo mganga hana budi kuyafikiria kwanza.

Lakini uko ugonjwa mwingine, usio wa kila siku, ambao huweza kujificha ndani ya kifua cha mtoto kwa miezi mingi na hata miaka. Dawa ya kikohozi haiugusi. Dawa za kifua kikuu nazo haziugusi, hata zikinywewa miezi 6 bila kukosa siku moja. Ugonjwa huo ni mfuko wa maji unaokua ndani ya pafu, nao huletwa na tegu wa mbwa. Waganga huuita hidatidi. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi picha ya kifua inavyoutambulisha, na kwa nini ni hatari mtu kuugusa kabla ya kuutambua.

Huenda msikilizaji akauliza: Bondeni ni mtaa wa mjini, ng'ombe na kondoo wako wapi? Jibu ni kwamba mji wa Nakuru haukujengwa mbali na mifugo. Upande mmoja iko Narok, upande mwingine iko Baringo, na mbele zaidi ziko Samburu na Turkana. Mtoto anayesoma hapa huenda alizaliwa huko, au hupelekwa huko kwa bibi na babu kila shule zifungwapo. Na katika hospitali kubwa ya Nakuru wagonjwa hufika kutoka pande hizo zote.

Chukulieni mfano wa mvulana wa miaka 8. Si mtoto fulani wa nyumba fulani. Ni mfano tu, lakini kila jambo lililomo ndani yake hutokea. Alizaliwa upande wa Narok, katika boma lenye mbuzi, kondoo na mbwa, kisha akaletwa Bondeni akae kwa shangazi yake apate kusoma. Alikuwa na kikohozi kikavu kwa miezi miwili. Alikula vizuri, alicheza mpira, wala hakutoka jasho usiku. Shangazi alinunua chupa ya dawa ya kikohozi, ikaisha. Akanunua ya pili. Hapo yawezekana mambo yangaliendelea hivyo mwaka mzima, kama asubuhi moja mtoto hangalikohoa akatoa damu kidogo. Shangazi hakungoja tena. Alimfunga mtoto sweta, akampeleka kwa mganga.

Mganga alisikiliza kifua kwa kipimo chake, akaona kwamba chini upande wa kulia pumzi haisikiki kama inavyosikika kushoto. Jambo la kwanza alilotafuta lilikuwa kifua kikuu, na alifanya vyema. Kwa mtoto kazi hiyo si nyepesi, kwa sababu watoto wengi hawajui kutoa makohozi, huyameza. Siku hizi maabara zaweza kutafuta wadudu wa kifua kikuu hata katika choo cha mtoto. Kwa mvulana huyu hawakuonekana. Ndipo akaandikiwa karatasi ya kwenda kupigwa picha ya eksirei.

Kwa kuwa wako wazazi wanaoiogopa mashine hiyo, yafaa ielezwe kidogo. Miali yake iligunduliwa na mtaalamu Mjerumani, Wilhelm Conrad Röntgen, katika mji wa Würzburg, mwezi wa Novemba mwaka 1895. Miaka 12 tu baadaye, katika mwaka 1907, hospitali ya Mengo huko Uganda ilikuwa imekwisha kupata mashine ya namna hiyo, ikawa miongoni mwa za kwanza katika Afrika ya Mashariki. Mtoto haumii wala hachomwi. Kiasi cha miali katika picha moja ya kifua ni kidogo sana. Analotakiwa kufanya ni kuvua shati, kusimama akiwa amekaza kifua kwenye bamba, kuvuta pumzi nyingi na kuizuia kidogo bila kutikisika. Shanga, mkufu, vifungo vya chuma, na hata hirizi iliyoshonewa kipande cha madini, havina budi kutolewa, kwa sababu kila kimoja huweka kivuli chake katika picha, na imewahi kutokea kitu cha shingoni kikadhaniwa ni kitu cha mapafuni. Mtoto akipigwa picha baada ya kutoa pumzi badala ya kuivuta, mapafu huonekana madogo na yenye ukungu hata kama ni mazima. Kwa hiyo mzazi anayembembeleza mtoto atulie na avute pumzi amefanya sehemu ya kazi ya uganga.

Hewa haizuii miali hiyo, na kwa hiyo mahali penye hewa hutokea peusi. Mfupa huizuia, ukatokea mweupe. Maji, damu na nyama huwa katikati, rangi ya kijivu kinachoelekea weupe. Mapafu mazima yamejaa hewa. Ndani yake huonekana mishipa ya damu tu, kama matawi ya mti uliopukutisha majani wakati wa kiangazi. Sasa katika picha ya mvulana wetu, chini ya pafu la kulia, palikuwa na kitu cha mviringo, cheupe, kikubwa kama chungwa, na ukingo wake ulikuwa safi kana kwamba mwanafunzi ameuchora kwa bikari. Ndani yake hapakuwa na alama yo yote. Weupe ulikuwa mmoja tangu ukingo hata ukingo. Picha ya pili ilipigwa ubavuni, ikaonyesha kwamba kitu hicho kiko upande wa mgongo, nacho kilikuwa cha mviringo vile vile. Kitu kilicho duara kwa mbele na duara kwa ubavu ni mfano wa mpira, si wa sahani.

Kifua kikuu cha mtoto kwa kawaida hakionekani hivyo. Mara nyingi huonekana tezi zilizovimba karibu na shina la mapafu, au kivuli kilichotawanyika kisicho na mpaka. Homa ya mapafu nayo hufanana na wingu. Hata hivyo mganga mwenye busara hakati shauri kwa mviringo peke yake, maana picha zina hila zake. Watoto, hasa wadogo, wakati mwingine hupata homa ya mapafu ya duara, ambayo humdanganya hata mtaalamu. Tofauti yake ni kwamba mtoto huyo huwa na homa kali, hupewa dawa ya kuua vijidudu, na akipigwa picha tena baada ya majuma machache duara limetoweka. Uvimbe wa tegu hautoweki kwa dawa hiyo, na pengine picha ya pili huonyesha kwamba umeongezeka. Tena yako majipu ya mapafu, na viko vimbe ambavyo mtoto huzaliwa navyo.

Hila nyingine huwapata watoto wachanga. Nyuma ya mfupa wa kidari mtoto mchanga ana tezi kubwa, ambayo kwa mtu mzima imekwisha kunyauka. Katika picha tezi hiyo huweza kutanda pembeni mwa moyo kama tanga la jahazi. Ni kitu cha afya kabisa. Lakini huko Ulaya na Marekani, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, waganga waliiona katika picha wakadhani ni ugonjwa, wakawachoma watoto wazima kwa miali mikali ili waipunguze. Na baadhi ya watoto hao walipokuwa wakubwa walipata saratani ya tezi ya shingo. Walikuwa na mashine nzuri, lakini bado hawakujua umbo la mtoto mzima ni lipi.

Basi mganga aliirudisha picha mezani, akamgeukia shangazi.

"Mama, huko nyumbani kwao mtoto, mna mbwa?"

"Mbwa, daktari? Mtoto anakohoa damu, nawe waniuliza mbwa?"

"Ndiyo, mama. Na mbuzi wakichinjwa, mapafu na ini lenye malengelenge hutupiwa nani?"

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hutupiwa mbwa. Ni nani mwingine atakayeyala?"

Katika majibu hayo mawili mganga alipata nusu ya yale ambayo picha ilikuwa haikumwambia. Tegu huyu ni mdogo sana; urefu wake ni milimita chache tu, si kama tegu wa ng'ombe ambaye huweza kupita urefu wa mtu. Hukaa katika utumbo wa mbwa, na mbwa mmoja aweza kuwa na maelfu yake bila kukonda wala kuonyesha dalili. Mayai yake hutoka na mavi ya mbwa, yakashika katika majani, katika maji ya kisima, katika manyoya ya mbwa mwenyewe na ulimi wake. Kondoo au mbuzi akila majani hayo, mayai huanguliwa tumboni mwake, na kiluwiluwi husafiri katika damu mpaka ini au mapafu. Huko hujenga mfuko wa maji. Mbwa akila mapafu hayo, mfuko humpa tegu wapya, na duara linaanza tena. Mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila kunawa huingia mahali pa kondoo.

Hapa watu wengi hukosea katika mambo mawili. Kwanza, hudhani kwamba mtu hupata ugonjwa huu kwa kula nyama au ini la mbuzi mgonjwa. Sivyo, anayeambukizwa kwa kula ini hilo ni mbwa, na mtu huambukizwa na mayai yatokayo kwa mbwa. Pili, hudhani kwamba ugonjwa huu huambukizwa kwa kikohozi kama kifua kikuu. Sivyo kabisa. Mtoto mwenye uvimbe huu aweza kulala na ndugu zake na kukaa darasani na wenzake, wala hapana haja ya kumtenga au kumpa kikombe cha peke yake.

Katika mtu, sehemu kubwa ya vimbe hizi hukaa katika ini, na mapafu huja nafasi ya pili. Lakini kwa watoto mapafu hushambuliwa kwa wingi kuliko yanavyoshambuliwa kwa watu wazima, na kwa kuwa pafu la mtoto ni laini na lenye kunyumbuka, uvimbe hupata nafasi ya kutanuka upesi. Ini ni gumu zaidi, hulibana. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 8 aweza kuwa na chungwa kifuani hali anacheza mpira.

Nchi ya Kenya inaujua ugonjwa huu zamani. Katika mwaka 1958 jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki lilichapa maelezo mafupi juu yake, na katika mwaka 1963 wataalamu George Nelson na Robert Rausch walitoa habari za uchunguzi wao: zaidi ya nusu ya mbwa wa nyumbani waliopasuliwa Turkana walikuwa na tegu huyu. Mwaka 1982 French na Nelson waliandika kwamba katika sehemu ya kaskazini-magharibi ya Turkana waligunduliwa wagonjwa kiasi cha 220 kwa kila watu 100,000 kila mwaka, hesabu iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana ulimwenguni. Chama cha AMREF, ambacho kilianza mwaka 1957 kwa ndege za madaktari, kilianzisha huko kazi ya kuupiga vita ugonjwa huo katika mwaka 1983. Katika miaka hiyo Calum Macpherson na wenzake walibeba mashine ndogo za ultrasaundi mpaka kwa wafugaji wanaohamahama, wakawalaza watu chini ya vivuli vya miti na kutazama matumbo yao kwa mawimbi ya sauti. Walilinganisha njia hiyo na kipimo cha damu, na habari hizo zilichapishwa katika mwaka 1987. Mashine ilionekana kuwa bora. Watu waliojiona wazima kabisa walikutwa na vimbe.

Lakini ultrasaundi ina mpaka wake, na mpaka huo ni hewa. Sauti hupita vizuri katika ini na figo, ila ikifika kwenye pafu lenye hewa hurudi nyuma. Kwa hiyo kwa kifua picha ya eksirei haijapoteza kazi yake, na pale penye shaka hutumika mashine ya siti skani, ambayo hukata kifua kwa picha kana kwamba ni mkate, na kuonyesha kama kitu kile cheupe ni maji au ni nyama. Hata hivyo mtoto aliyeonekana na uvimbe wa pafuni hana budi kutazamwa tumbo lake kwa ultrasaundi kabla ya shauri lo lote kukatwa, maana pengine ini nalo lina wake. Kipimo cha damu husaidia kikionyesha ndiyo. Kikionyesha siyo, hakimfungulii mtoto mlango wa kwenda nyumbani. Uvimbe wa pafuni ambao bado ni mzima mara nyingi haujulikani na damu.

Uvimbe ukianza kuvuja, picha hubadilika, na mabadiliko hayo ni ya ajabu kuyatazama. Kwanza hewa kidogo hupenya kati ya mfuko na pafu, na juu ya ule mviringo mweupe huonekana mwezi mwandamo mweusi, mwembamba. Mfuko ukipasuka kabisa, utando wake huanguka na kuelea juu ya maji yaliyobaki. Waganga wa Ulaya waliona mfano wa yungiyungi ziwani. Wale wa Argentina waliuita camalote, ambalo ni jina lao la gugumaji, mmea ule ule unaowasumbua wavuvi wa Naivasha na wa ziwa Viktoria. Mtoto wa namna hiyo huweza kukohoa ghafula maji mengi yenye ladha ya chumvi, pamoja na vipande vyeupe vyembamba kama maganda ya zabibu. Mzazi akiona hivyo, asivitupe. Avitie katika chupa safi, aende navyo hospitali siku ile ile, kwa kuwa chupa hiyo husema kuliko maelezo ya saa nzima.

Sasa sindano. Mtu mwenye haraka akiona mfuko wa maji katika picha huweza kufikiri kwamba dawa yake ni rahisi: kupenyeza sindano kati ya mbavu, kunyonya maji, kupeleka maabara, kazi imekwisha. Kwa magonjwa mengine ya kifua hivyo ndivyo ifanywavyo, na huokoa maisha. Maji ya kifua kikuu yaliyo nje ya pafu hutolewa kwa sindano kila siku. Lakini maji ya tegu si maji ya kawaida. Yakimwagika ndani ya mwili, huweza kuamsha mshtuko mkali: mwili huwashwa na kutoka mabaka, uso huvimba, koo hubana, nguvu ya damu hushuka, na mtoto aliyeingia chumbani akitembea aweza kufa kabla ya maabara kufungua chupa. Akipona mshtuko, kuna hatari ya pili. Ndani ya maji hayo mna chembe ndogo kama mchanga, na kila moja yaweza kuota ikawa uvimbe mwingine. Mtoto aliyekuwa na mfuko mmoja akarudi baada ya miaka michache akiwa na mingi.

Kwa hiyo katika picha ile ya mvulana, lile neno ambalo mtaalamu wa picha aliandika chini ya karatasi, yaani kwamba huenda huu ni uvimbe wa tegu na usichomwe sindano, lilikuwa na thamani kuliko dawa. Mganga wa Nakuru aliyelisoma alimpeleka mtoto kwa daktari wa upasuaji wa kifua. Hao si wengi katika Kenya, lakini wapo: katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, na katika Hospitali ya Tenwek huko Bomet, ambayo pia hufundisha madaktari wa kazi hiyo.

Daktari wa upasuaji hufungua kifua, huzungushia uvimbe vitambaa vilivyoloweshwa dawa ya kuua zile chembe, kisha huutoa mfuko kwa uangalifu kama mtu anayetoa kiini cha yai bibi asikipasue. Pafu lenyewe huachwa kadiri iwezekanavyo. Jambo la kufurahisha kwa watoto ni kwamba pafu lililokuwa limebanwa hutanuka tena. Dawa iitwayo albendazole nayo hutumika, mara nyingi kwa miezi kadhaa baada ya upasuaji, chini ya uangalizi wa hospitali. Ni dawa ile ile inayogawiwa shuleni kwa minyoo, na kwa sababu hiyo watu wengine hufikiri kidonge kimoja kimemaliza habari. Kidonge kimoja hakiuondoi uvimbe huu. Tena kwa uvimbe mkubwa wa pafuni dawa hiyo ikinywewa kabla ya upasuaji bila amri ya daktari huweza kulegeza ukuta wa mfuko ukapasuka. Duka la dawa si mahali pa kuanzia.

Juu ya mbwa maneno ni machache, ijapokuwa kazi yake ni kubwa. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mbwa wapewe dawa ya tegu, praziquantel, angalau mara 4 kwa mwaka. Mapafu na maini yenye malengelenge yafukiwe chini sana au yachomwe, au yachemshwe kwa nusu saa kabla ya kupewa mbwa. Mikono inawiwe kwa sabuni. Wengine watasema hayo ni mambo ya kuota. Basi watazame kisiwa cha Iceland, nchi ya kondoo na mbwa, ambako karne ya 19 ugonjwa huu ulikuwa umeenea mno. Mwaka 1864 kijitabu kilichoandikwa na Harald Krabbe, Mdenmaki, kiligawiwa bure katika nyumba za watu, nao katika majira ya baridi yaliyo marefu hawakuwa na mengi ya kusoma, wakakisoma. Mwaka 1869 ikafuata sheria ya mbwa. Walibadili namna ya kuchinja na kulisha mbwa, na kwa muda wa miaka mingi ugonjwa ukaondoka. Wakati huo dawa ya praziquantel haikuwapo, wala Röntgen hajagundua miali yake.

Limebaki jambo la karatasi na picha zenyewe, ambalo wazazi wengi hulidharau. Picha ya kifua ni mali ya mtoto, nayo hupata thamani ikilinganishwa na nyingine. Kivuli cha mviringo katika picha ya leo ni fumbo. Kivuli hicho kikiwapo katika picha ya mwaka jana kikiwa kidogo zaidi, fumbo limefunguka nusu. Picha ya zamani ikionyesha pafu safi, hilo nalo ni neno kubwa, kwa kuwa mganga hujua kwamba mtoto hakuzaliwa na kitu hicho. Lakini picha hizo huachwa juu ya kabati zikakunjika, au watoto hucheza nazo dirishani, au husahauliwa katika matatu. Zihifadhiwe zikiwa zimelala, ndani ya bahasha yake, mbali na maji na joto, pamoja na kadi ya kliniki. Hospitali nyingine siku hizi hutoa picha katika sahani ya kompyuta badala ya filamu. Hiyo nayo iandikwe jina la mtoto na tarehe. Mtoto akihamishwa kutoka Nakuru kwenda Nairobi au Bomet, mzazi abebe zote, za zamani na za sasa, hata ile iliyosemwa kwamba haikuonyesha kitu.

Mvulana wa mfano wetu, baada ya kutolewa uvimbe wake, ataambiwa arudi kupigwa picha tena, kisha arudi tena, na hivyo kwa miaka kadhaa, ijapokuwa hakohoi na anakimbia kama wenzake. Shangazi yake asione kwamba anasumbuliwa bure. Uvimbe mpya huanza ukiwa mdogo kama punje ya mtama, na wakati huo hauna kikohozi wala maumivu. Mahali pa kwanza unapoonekana ni katika picha.